Injini inanguruma, gari halipandi: kutafuta kosa la giaboksi, ya manyuali na ya oto

Giaboksi huhukumiwa mapema mno. Gari likishtuka linapoingizwa D (gia ya kwenda mbele), au likinguruma bila kuchanganya, yaani bila kuongeza kasi, kwenye mwinuko wa Sachangwan, barabara ya Nakuru–Eldoret nchini Kenya, neno la kwanza ni "boksi imeisha", na la pili ni bei ya boksi ya mtumba. Kumbe mara nyingi kosa liko nje ya boksi: mafuta yamepungua au si yake, maunti (mpira unaoshikilia injini na boksi) imekatika, klachi imeliwa, au dereva ameleta mguu wa gari la manyuali kwenye oto, au wa oto kwenye manyuali. Tutafuata dalili jinsi dereva anavyoziona barabarani, tukianza kila mara na kile kinachoweza kuangaliwa bila kufungua chochote.

Jambo moja kwanza. Neno "oto" linafunika mashine zaidi ya moja, na dawa zake hazifanani. Kuna oto ya gia, yenye toki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na boksi), ambayo mshale wa mizunguko ya injini hupanda kisha hushuka kidogo kila gia inapobadilika. Kuna CVT, yenye mkanda wa chuma unaopita kwenye puli mbili. Hiyo haina gia za kuhesabu, mshale hupanda ukatulia huku kasi ikiendelea kuongezeka. Na kuna boksi ya klachi mbili, kama DSG ya Volkswagen na ile ya Honda Fit ya haibridi ya 2013 hadi 2020. Probox ya oto ya kabla ya 2014 ina gia nne. Iliyofanyiwa mabadiliko mwaka huo ni CVT. Nissan Note nyingi ni CVT. Ukienda dukani ukaitisha "mafuta ya oto" bila kujua hili, umeshaanza vibaya.

Manyuali: injini inanguruma, gari halichanganyi

Unapanda kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa, nje ya Kisumu, gia ya tatu, unakanyaga mafuta. Mshale unaruka kutoka 2,500 hadi 3,500 lakini kasi inabaki ileile, na baada ya muda harufu ya kuungua inaingia ndani. Hiyo ni klachi inateleza. Boksi yenyewe haitelezi: meno yake ama yameshikana, ama yamevunjika.

Hakikisha hivi. Simamisha gari mahali tambarare, pasipo na mtu wala kitu mbele. Vuta handibreki mpaka mwisho na ukanyage breki kwa mguu wa kulia. Injini ikiwa imepata moto, tia gia ya nne, kisha achia klachi taratibu mpaka juu bila kukanyaga mafuta. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kuzunguka na pedali iko juu, klachi imeisha. Fanya hivyo mara moja, mbili zikizidi; ukirudiarudia unaichoma hata ile iliyokuwa nzima.

Kabla ya kushusha boksi, bonyeza pedali kwa kidole. Inapaswa kwenda bure milimita 5 hadi 15 kabla hujahisi uzito. Isipokuwa na mchezo wowote, rilisi bering (inayosukuma klachi iachie) inaegemea presha plati (inayoibana plati ya klachi) muda wote na klachi haishiki sawasawa; kwenye gari la waya wa klachi, kulegeza waya kunaweza kuwa ndiyo kazi nzima. Kisha lala chini uangalie pale injini inapoungana na boksi. Mafuta meusi ya injini yanayodondoka hapo yanatoka kwenye sili ya nyuma ya kranki. Mafuta mazito yenye harufu kama ya kiberiti ni ya giaboksi, na yamepita kwenye sili ya shafti inayoingia. Plati ya klachi iliyolowa mafuta haisafishiki kwa petroli ikapona. Inabadilishwa pamoja na sili. Ukibadilisha plati peke yake utarudi palepale.

Boksi ikishuka, shika plati mkononi uitazame kwa karibu. Nyuso zake mbili zimefungwa kwa riveti ndogo za shaba, na vichwa vya riveti vimezama ndani kidogo. Pima kwa kaliperi kutoka usoni mpaka kwenye kichwa cha riveti. Kipimo cha chini cha Toyota ni milimita 0.3. Ikiwa riveti zimefika usawa wa uso, zimeanza kuchora flaiwili, gurudumu la injini ambalo plati hulishika. Tazama na flaiwili: madoa ya buluu yanaonyesha joto kali, na nyufa nyembamba kama nywele zinaonyesha joto lililorudiwa mara nyingi. Madoa na mikwaruzo midogo hutolewa kwa fundi wa leithi (mashine ya kuchonga chuma). Nyufa za kina hazina dawa ila flaiwili nyingine.

Badilisha plati, presha plati na rilisi bering kwa pamoja. Bering ndiyo ya bei ndogo katika hizo tatu, lakini ikilia baada ya mwezi utalipia tena kazi yote ya kushusha boksi. Unapofunga, weka plati katikati kwa kijiti chake, paka grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti, na usiache boksi ining'inie kwenye plati hata kwa dakika moja. Uzito huo hupinda kitovu chake, na gari litatetemeka kila linapoondoka.

Klachi ya gari la mtu binafsi inaweza kudumu miaka, na ya jirani yake mwenye gari kama hilohilo ikaisha kwa miezi. Sababu ni mguu wa kushoto. Aliyezoea oto hana mahali pa kuuweka, basi anaulaza juu ya pedali. Au anabalansi klachi kwenye foleni ya Kondele, gari limesimama mlimani kwa nusu klachi badala ya handibreki. Dakika moja ya kubalansi hivyo inakula plati kuliko safari ndefu ya barabara iliyonyooka. Tumia handibreki, ukihisi pua ya gari inainuka, achia.

Gia zinakataa au zinakwaruza

Uliza swali moja: ni gia zote au moja?

Zikiwa zote, na zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, klachi haiachii kabisa. Fungua chupa ya mafuta ya klachi chini ya boneti. Magari mengine hutumia chupa moja na breki. Yakiwa yamepungua, yameenda mahali. Vuta kava ya mpira kwenye slevu silinda (silinda ya chini inayosukuma klachi) pale ubavuni mwa boksi: ikimwaga majimaji, sili ya ndani imekufa. Angalia pia nyuma ya pedali ndani ya gari, maana masta silinda huvuja kwenye zulia bila mtu kujua. Ukishatengeneza, toa hewa: mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia chini, mwingine anafungua nipo (nati ndogo ya kutolea hewa) ya slevu, anaifunga, ndipo pedali inaachiwa. Rudieni mpaka yasitoke mapovu, mkiongeza mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4 kadiri kitabu cha gari kinavyosema. Mafuta ya injini yakiingia humo, mpira wote wa ndani utavimba.

Ikikwaruza gia ya pili peke yake wakati wa kushuka kutoka ya tatu, hiyo ni pete ya sinkronaiza (inayolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana) iliyolika. Hiyo ni kazi ya ndani. Rivasi ikikwaruza ilhali nyingine ni nzuri, subiri sekunde tatu ukiwa umekanyaga klachi kabla ya kuitia. Boksi nyingi hazina sinkronaiza kwenye rivasi, na shafti inahitaji muda wa kusimama.

Gia zinazokuwa ngumu asubuhi ya baridi kule Burnt Forest na Timboroa, kisha zikalainika baada ya dakika kumi, ni mafuta. Boksi nyingi za magari madogo zinataka 75W-90 yenye alama ya GL-4, takriban lita mbili. Duka likikupa GL-5 na kusema ni bora zaidi, usichukue kama kitabu kinasema GL-4. Dawa zake kali zilitengenezewa meno ya difu, na baadhi yake hushambulia pete za shaba za sinkronaiza.

Gia inayoruka na kurudi frii (bila gia) ukiachia mafuta: angalia maunti za injini na bushi za lever kabla ya kulaumu uma wa gia.

Na sauti? Ikilia ukikanyaga klachi, ni rilisi bering. Ikilia frii pedali ikiwa juu, na ikanyamaza ukikanyaga, ni bering ya shafti inayoingia kwenye boksi. Ya kwanza inaweza kungoja kidogo. Ya pili, isipoangaliwa, hula boksi nzima.

Oto: unatia D, gari linakaa kabla ya kushika

Hesabu muda huo. Injini ikiwa na moto na gari limeshikwa kwa breki, kutoka N (frii) kwenda D Toyota inataka isizidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R (rivasi) isizidi 1.5. Zaidi ya hapo presha ya mafuta inachelewa kujaa, na sababu ya kwanza ya kuangalia ni kiwango cha mafuta.

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu mafuta ya oto hayapimwi kama ya injini. Kwa Toyota nyingi zenye dipstiki, endesha mpaka boksi ipate moto, kama nyuzi 70 hadi 80. Simama tambarare, injini ikizunguka na breki imekanyagwa, pitisha lever P (ya kuegesha) mpaka L (gia ya chini) na kurudi P, ukikaa kidogo kila mahali. Injini ikiwa bado inazunguka, vuta dipstiki, pangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha, vuta tena, usome upande wa HOT. Honda nyingi zinataka kinyume: baada ya moto, zima injini na upime ndani ya dakika moja au moja na nusu. Boksi isiyo na dipstiki ina nati ya kupimia ubavuni au chini. Mafuta hukaguliwa kwa kuachwa yamwagike polepole hapo kwenye joto maalumu, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kusoma joto la boksi.

Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Jekundu au la waridi, linalopitisha mwanga: sawa. La kahawia: yamechoka, badilisha. Jeusi lenye harufu ya kitu kilichoungua: diski za ndani zimeungua, na mafuta mapya hayatazirudisha, tunasema hivi wazi kwa sababu wengi hulipia mafuta mara tatu kabla ya kukubali. Kwenye sampu, bakuli la mafuta chini ya boksi, kuna sumaku. Uji wa kijivu laini juu yake ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa vya kuchoma kidole si vya kawaida.

Ukibadilisha, pima yaliyotoka kwa chupa yenye alama za lita, na urudishe kiasi kilekile ikiwa kiwango kilikuwa sahihi. Kwa kumwaga kupitia nati ya chini hutoka lita 3 hadi 4 tu, ilhali boksi na toki konveta huwa na karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana mara moja haitoshi: mwaga, jaza, endesha kilomita mia chache, kisha rudia mara moja au mbili. Mafuta yaliyochoka sana usiyasukume yote kwa mashine ya presha kwa siku moja. Uchafu ulioganda huhama na kuziba njia nyembamba za valvu bodi, sehemu inayogawa mafuta ndani ya boksi. Kwa magari yanayopanda na kushuka milima ya huku, kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni muda mzuri, na CVT ifuate ile namba ndogo.

Aina ya mafuta haina mjadala. Toyota za zamani T-IV, za baadaye WS. CVT ya Toyota ina yake, TC au FE. CVT za Nissan NS-2 au NS-3. Honda za gia DW-1, CVT zake za karibuni HCF-2. ATF (mafuta ya oto ya gia) ya kawaida ikiingia CVT, mkanda wa chuma utateleza kwenye puli na kuzichora, na puli iliyochorwa haipigwi msasa. Kopo lililoandikwa kwamba linafaa magari yote tunaliacha rafuni.

Mlimani: inawinda gia, inapoteza nguvu, inanusa

Kutoka Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya bahari, barabara ya Eldoret hupanda mpaka zaidi ya mita 2,700 Timboroa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo pale juu imepungukiwa na karibu robo kuliko ingekuwa Mombasa. Gari la CC 1,300 lenye abiria watano na magunia ya viazi halijaharibika boksi. Hewa ndiyo chache.

Oto ya gia nne ikienda juu na kurudi chini kila sekunde chache, zima O/D (gia ya juu kabisa) au shusha lever hadi 3 au 2 mapema, kabla ya mlima kuibana. Kila kubadilika gia ni diski mbili zinazosuguana, na kubadilika mara hamsini kutoka Salgaa hadi Mau Summit kunapika mafuta.

CVT yenye moto sana hujilinda kwa kukata nguvu. Mshale hauzidi kiwango fulani hata ukikanyaga mpaka chini. Simama mahali salama, acha injini izunguke P dakika kumi hadi kumi na tano, kisha endelea taratibu. Ikijirudia, angalia mafuta, kisha kipoozea cha boksi na radieta iliyoziba kwa matope na wadudu. Ikitetemeka kama inayopita kwenye matuta ikiwa kilomita 20 hadi 40 kwa saa, na mafuta ni sahihi na mapya, mkanda au puli zimeanza kulika.

Fungua pia radieta injini ikiwa baridi. Kwenye magari mengi kipoozea cha boksi kiko ndani ya radieta. Kikipasuka, maji na mafuta huchanganyika yakawa kama maziwa ya waridi. Usiliwashe tena gari hilo, livutwe. Maji huondoa gundi ya diski, na kila kilomita unayoongeza inapunguza nafasi ya boksi kupona.

Taa ya injini ikiwaka na boksi ikabaki gia moja, iko katika hali ya kujilinda. Kodi (namba ya kosa) ya P0700 inasema tu kwamba kompyuta ya boksi ina neno. Inataka mashine inayosoma boksi yenyewe. P0741 inaelekeza kwenye klachi ya toki konveta au solenoidi (valvu ya umeme) yake. Solenoidi nyingi hubadilishwa kwa kushusha sampu, bila kushusha boksi.

Kuteremka: breki zinanuka, na boksi inashtuka ukirudisha D

Kushusha Sachangwan kuelekea Salgaa ukiwa frii ni tabia iliyoua watu wengi barabara ile, na wanaoifanya huamini wanaokoa mafuta. Hawaokoi. Injini ya sindano, ikiwa ndani ya gia na mguu umeachia mafuta, hukata petroli kabisa kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukitia frii, inabidi inyunyize tena ili isizime. Unatumia mafuta zaidi na umetupa breki ya injini.

Kwenye oto kuna hasara ya pili. Ukirudisha D kwenye kilomita 80 kwa saa huku injini iko mizunguko 700, diski zinalazimishwa kulinganisha kasi hizo mbili kwa ghafla. Huo mshtuko ndio unaousikia. Teremka na 3, 2, S au L kulingana na lever yako, mshale ukikaa kati ya 2,500 na 4,000, na breki zikipumzika. Kanuni ya zamani ya manyuali inafaa hapa pia: teremka na gia ambayo ungepandia mlima uleule.

Gari linapiga "ko!" ukitia D au R

Fungua boneti, asimame mtu ubavuni, kamwe si mbele. Breki imekanyagwa kwa nguvu, tia D, kisha R. Injini ikinyanyuka zaidi ya upana wa vidole viwili, maunti imekatika. Maunti ikiwa nzima, angalia kama injini inazunguka juu mno ikiwa imesimama; 1,200 badala ya 700 hutoa pigo lilelile, na tiba yake ni kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini). Kwenye boksi ya klachi mbili, mtikisiko wa kuondoka mara nyingi huzidi kwenye foleni za mwendo wa konokono. Acha nafasi mbele, kisha ondoka mara moja badala ya kutambaa.

Ukiegesha mlimani: breki ya mguu, N, handibreki, achia mguu ili gari likae juu ya handibreki, ndipo P. Ukianza na P, uzito wote hukaa kwenye jino moja dogo ndani ya boksi.

Lever haitoki P, au gari haliwaki

Taa za breki haziwaki? Swichi ya pedali au fyuzi. Bonyeza kitufe kidogo karibu na lever, pengine kimefunikwa na kifuniko cha plastiki, lever itatoka. Gari likikataa kuwaka P lakini likawaka N, swichi ya lever imesogea. Na oto haiwashwi kwa kusukumwa. Tafuta nyaya za betri. Likivutwa, magurudumu yanayosukuma gari yainuliwe, na la magurudumu manne lipandishwe kwenye gari la kubebea.

Baada ya mafuriko ya Ahero

Boksi yenye moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunja na kufyonza maji kupitia kitundu cha kupumulia kilicho juu yake. Ikiwa maji yalipita katikati ya magurudumu, legeza nati ya kumwagia kabla ya safari ndefu. Maji hukaa chini na hutoka kwanza. Mafuta yaliyopauka kama chai ya maziwa yamwagwe yote, manyuali au oto.

Ununue lipi?

Kwa Probox ya mizigo ya Luanda au Busia, manyuali bado inashinda: klachi hutengenezwa na fundi wa mji wowote kwa siku moja, na dereva ana breki ya injini mkononi. Kwa anayezunguka Nakuru mjini kila siku, oto ya gia humpumzisha na hudumu akitunza mafuta. CVT tunaipendekeza kwa mzigo mdogo na kwa mtu atakayenunua mafuta yake halisi. Angalia pia leseni ya Kenya: B1 ni ya oto tu, na mwenye hiyo hawezi kupokea usukani wa manyuali ya ofisi.

Unapokwenda kulijaribu, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti kwanza, iwe baridi. Hesabu sekunde za D na R injini ikiwa baridi, liendeshe nusu saa na mlima mmoja wa kweli, kisha tafuta mteremko mdogo na ulipandishe kwa rivasi, likiwa na moto. Likisita hapo, nenda kaangalie jingine.